Je, Tupambe Nyumba Isiyo Yetu?

Jioni moja ya Jumamosi tulikuwa tumesimama juu ya stuli, brashi mkononi, magazeti ya zamani yametandazwa sakafuni, tukipaka ukuta wa sebule katika vyumba viwili tulivyopanga Mkomaindo, mjini Masasi. Mlango tuliuacha wazi ili tupate hewa. Akapita kijana mmoja, mwalimu wa shule ya sekondari, ambaye naye alikuwa amepanga chumba cha uani katika nyumba hiyo hiyo. Akasimama kizingitini, akatuamkia shikamoo, nasi tukaitikia marahaba. Kisha akaitazama ndoo, akautazama ukuta, akasema kwa adabu lakini kwa mshangao usiofichika: "Mzee, mbona unajitesa? Nyumba yenyewe ya watu."

Tulicheka, naye akacheka, akaenda zake. Lakini neno lake halikwenda naye. Ni neno la watu wengi. Mtumishi wa Serikali hulisema kila anapohamishiwa kituo kipya. Mwanafunzi hulisema bwenini. Mpangaji hulisema kila aonapo ufa unaokua juu ya kitanda chake. Ndani yake mna swali ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa nafasi linayostahili katika mazungumzo yetu juu ya utamaduni wa taifa: mtu ana wajibu gani kwa mahali asipopamiliki? Na akipapamba, je, anafanya jambo la maana, au anajifurahisha tu kwa nguvu na fedha ambazo zingefaa kutumika kwingine?

Yafaa kwanza tueleze vyumba vyenyewe vilivyokuwa. Kimoja cha kulala, kimoja sebule; sebule hiyo yapata hatua nne kwa tatu. Nusu ya chini ya kuta ilipakwa zamani rangi ya mafuta ya kijani, ile kijani ambayo kila mtumishi wa Serikali anaijua tangu siku yake ya kwanza kazini, na nusu ya juu ilikuwa nyeupe iliyogeuka manjano. Palipokuwa na benchi, vichwa vya waliokaa viliacha mviringo wa mafuta ukutani. Misumari tuliihesabu ikafika ishirini na mmoja, na karibu yote haikuning'iniza kitu. Dari ilikuwa na mabaka ya maji ya mvua, na katika pembe moja nyigu walikwisha kujenga. Dirisha, hata hivyo, lilitazama vilima vya mawe vya Masasi, ambavyo jua la jioni huvigeuza rangi ya chungu kilichotoka motoni. Nasi tukaona kwamba mtu hawezi kuishi baina ya kilima kama kile na ukuta kama ule bila kuona haya.

Hatukumwita fundi. Hilo lina ubishi wake, nasi tutalirudia. Tulianza kwa kukwangua, maana tulikusudia kupaka chokaa, na chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Hubanduka kama gamba. Kukwangua peke yake kulitula Jumamosi mbili na visu viwili. Tukapiga msasa, tukaziba nyufa kwa saruji iliyochekechwa na mchanga laini, tukaosha ukuta, tukaulowesha. Chokaa tuliiloweka tangu usiku, tukatia konzi ya chumvi ili ishike. Anayepaka chokaa kwa mara ya kwanza hukata tamaa, kwa sababu ikiwa mbichi haionekani. Ukuta hubaki na uchafu wake ule ule, na mtu hudhani amepaka maji matupu. Kumbe chokaa hukauka polepole huku ikivuta hewa, na katika kuvuta huko hurudi kuwa jiwe kama lilivyokuwa kabla ya kuchomwa tanuuni. Asubuhi ndipo weupe unapotokea. Tulipaka mikono mitatu.

Kwa ukanda wa chini, ambao hupigwa na migongo na mifagio, hatukutaka nyeupe. Tulichanganya chokaa na udongo mwekundu. Udongo huo tulionyeshwa na bibi mmoja jirani, mwenye nyumba ya miti na udongo ng'ambo ya njia, ambaye kila mwaka huikandika upya nyumba yake kwa mikono yake. Yeye hakutuuliza kwa nini tunapamba nyumba ya watu. Alituuliza kwa nini tunanunua rangi.

Sasa tulirudie swali. Liko pingamizi la kale dhidi ya mapambo ya nyumba, nalo ni zito, tena limesemwa na washairi wetu wakubwa. Yapata miaka mia mbili iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika utenzi wake uitwao Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya mabwana wa mji wake yaliyokwisha kubomoka. Zidaka zilizopangwa vyombo vya Kichina zilikuwa zimegeuka viota vya ndege. Akauonya moyo wake usiitegemee dunia. Sisi tuandikao mashairi tumeusoma utenzi huo mara nyingi, na kila mara twashikwa na woga. Seuze mtu mwenye vyumba viwili vya kupanga, anayejisumbua na rangi ya ukanda?

Lakini msomaji atazame vema. Mshairi yule hakusema kwamba zidaka zilikuwa mbaya. Anazitaja kama mtu aliyezijua moja moja, aliyekaa chini yake na kuzipenda. Na kama asingezipenda, uharibifu wake usingeweza kumfundisha kitu. Anachokilaumu ni mtu kusahau kwamba ataondoka. Basi katika jambo hilo mpangaji ana nafuu kuliko mabwana wa Pate: hawezi kusahau. Mkataba wake wa pango humkumbusha kila baada ya miezi sita.

Pingamizi la pili ni la nyumbani kwetu, nalo hatukulisoma kitabuni. Tulizaliwa mapema miaka ya 1970 huko juu, katika nyanda za Makonde, wilaya ya Newala. Wasiozijua nyanda zile huona kijani chake wakadhani pana maji tele. Hapana mto wala kijito. Mvua inyeshapo hunywewa na mchanga, ikaenda kutokea chini kabisa, bondeni, mahali ambapo mtu akisimama ukingoni Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, hupatazama kama atazamaye kutoka mgongoni mwa ndege. Tangu miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyapandisha maji hayo kwa pampu, lakini mabomba hayakufika kila kijiji, na utotoni mwetu wanawake wa kwetu walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa kali.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kukandika nyumba mahali kama hapo. Udongo ni bure, lakini udongo haukandiki mkavu. Ukuta mmoja wahitaji ndoo tatu au nne, na kila ndoo ni safari. Hata hivyo mama yetu alikandika kila mwaka baada ya mavuno, na baada ya kukandika alichora: chini ukanda wa udongo mwekundu, juu udongo mweupe, na juu ya weupe, kwa masizi na maji, kuku, guruguru, baiskeli, na mara moja ndege ya abiria ambayo hajawahi kuipanda, yenye madirisha mengi kupita kiasi. Mwaka mmoja wa ukame baba alimkataza. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba maji yale ni ya kupikia, na ukuta haunywi uji. Mama hakubishana naye. Alisema tu: "Baba, watoto watarudi kutoka jandoni. Warudi wapi?" Akateremka bondeni tena.

Sisi tulikuwa miongoni mwa watoto hao. Tuliporudi, tumenyolewa, tumevikwa nguo mpya, ngoma ikilia, tuliiona nyumba kutoka mbali, nyekundu na nyeupe, mbichi bado pembeni. Hatukumbuki chakula tulichokula siku hiyo. Baba yetu naye, ambaye alikuwa mtu wa haki, hakurudia tena kulisema jambo la maji.

Hatusemi kwamba baba alikosea. Pambo linalomnyima mtoto uji ni dhambi, hata likiwa zuri namna gani. Tumewaona watumishi wenzetu, watu wa mshahara kama wetu, waliokopa ili kuweka sebuleni makochi ambayo hayapiti mlangoni mpaka mlango ung'olewe, na karo ya mtoto ikangoja. Makochi yale hufunikwa vitambaa vya kufuma, na watoto hukatazwa kuyakalia. Hapo nyumba imepambiwa mgeni, na wenyewe wanaishi ndani yake kama walinzi. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango, tufungue tuingie ndani. Kipimo tulichojiwekea ni chepesi: tukijua kwamba hakuna mgeni atakayekuja mwaka mzima, je, tutalifanya jambo hili? Kwa ukuta wetu wa Mkomaindo tulijibu ndiyo. Kwa kabati la vioo, ambalo tulilitamani sana dukani, tulijibu hapana, ijapokuwa si mara moja.

Pingamizi la tatu tunalikuta katika historia ya siasa yetu, nalo limefungamana na suala la nini kihesabiwe kuwa kizuri. Ilipoundwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho. Watu wengi walielewa ngoma, na ngoma ikachezwa. Wachache walielewa ukuta. Mwaka 1977, alipoyapima matokeo ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu aliwalaumu wananchi kwa kuabudu bati na saruji, ambayo aliita udongo wa Ulaya, huku wakidharau matofali ya kuchoma na vigae ambavyo wangeweza kuvitengeneza wenyewe. Ni lawama kali, nasi twaiona kuwa ya kweli hadi leo; katika msimu wa korosho, fedha ziingiapo, malori ya saruji na bati hupanda kwenda Newala, na nyumba ya udongo, hata ikiwa imara na yenye ubaridi, huitwa nyumba ya muda.

Na bado ipo sehemu ya lawama hiyo inayohitaji kutazamwa kwa huruma. Watu wa Mtwara walihamishiwa katika vijiji miaka ile ile. Ilipofika mwaka 1974 kuhama kulikuwa amri ya nchi nzima. Kuta nyingi zilizochorwa ziliachiwa mvua. Tuliwauliza wazee wa kwetu, wanawake hasa, walifanya nini kwanza walipofika katika viwanja vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zote zimepangwa mstari mmoja kama askari. Walitujibu kwamba walijenga, wakaezeka, wakachimba choo, kwa kuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikwisha kuwafundisha habari ya choo. Na kabla mvua haijaanza walikandika na kuchora. Bibi mmoja alisema alichora ili aweze kuitambua nyumba yake. Mstari ule ulikuwa umezifanya nyumba zote kuwa moja.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Wandebele wa Afrika Kusini walishindwa na Makaburu katika vita vya mwaka 1883, wakanyang'anywa ardhi, wakatawanywa kuwa vibarua katika mashamba ya wengine. Ni baada ya kutawanywa huko ndipo wanawake wao walipozikuza zile rangi na mistari ambazo leo dunia nzima inazijua. Esther Mahlangu, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufunzwa kazi hiyo na mama na bibi yake, alialikwa mwaka 1991 kupamba gari la BMW kwa michoro ile ile ya ukutani. Waliokuwa wakiishi mashambani mwa watu walizipamba nyumba ambazo bwana shamba angeweza kuwatoa wakati wowote.

Tena, tukitaka mfano wa karibu zaidi, Masasi yenyewe yatosha. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili ambayo walimu wengi wanaifahamu, aliondoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani na waliokuwa wakikaa Zanzibar, akinuia kuwarudisha kwao upande wa Nyasa. Wakafika chini ya vilima hivi, wakaona maji na ardhi, wakakataa kuendelea. Walijenga mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa. Mwaka 1882 wakavamiwa na Wangoni na kijiji kikachomwa. Baadaye pakajengwa tena. Tunapomwambia mtu "nyumba ya watu" tukiwa Masasi, yafaa tukumbuke kwamba mji wenyewe wa kisasa ulianzishwa na wageni.

Kuhusu kuchora, wako wanaodhani kwamba watu wa kusini wanajua kuchonga tu. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliwapa watu wa vijijini penseli na karatasi wachore wapendavyo, na baadhi ya michoro hiyo akaichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kwenye njia hiyo hiyo itokayo Masasi kwenda magharibi. Alipoanza kuchora Dar es Salaam yapata mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia hadibodi, zile mbao laini za dari, na rangi za mafuta za kawaida za madukani. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, polisi wakidhani ni mtu mwingine, na jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Twapenda kulikumbuka jambo hili tunapoitazama dari yetu yenye mabaka: vifaa vya kukarabati chumba ndivyo vilivyozaa sanaa ambayo watalii huivukia bahari kuja kuinunua.

Na hapa tuna manung'uniko yetu, ambayo mhariri akipenda atayafuta. Vinyago vya Kimakonde vya mpingo vimekwenda Ulaya, Marekani na Japani. Lakini ingia katika sebule kumi za watumishi wa Masasi au Newala utazame ukutani. Utaona kalenda ya mwaka uliopita iliyotolewa na duka la vifaa, saa isiyokwenda, na maua ya plastiki. Sisi wenyewe tulikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini ya utumishi. Kinyago tulichonacho sasa tulikinunua kwa mchongaji kando ya njia, ni mzee aliyejitwika wajukuu, na mchongaji alituuliza tunakipeleka nchi gani. Tulipomwambia tunakiweka chumbani kwetu, alitupunguzia bei, kisha akakaa kimya kidogo, kana kwamba tumemwambia habari ya msiba au ya harusi na hajui ni ipi.

Tuliahidi kuirudia habari ya fundi. Yule mwalimu kijana alipopita mara ya pili, siku ya kupaka mkono wa pili, alikuwa na hoja mpya, nayo ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Alisema: "Mzee, wewe una mshahara. Ukipaka mwenyewe, umemnyima fundi riziki yake." Kwa hakika hoja hii ilitusimamisha. Tumelelewa katika neno kujitegemea, na tulikuwa tukijiona watu wema wenye mikono michafu. Kumbe ubahili nao huweza kuvaa shati la kujitegemea. Tulimjibu kwamba kazi ya umeme tulimpa fundi, na bati lililovuja tulimpa fundi, kwa kuwa hatuzijui kazi hizo na asiyezijua huua watu. Lakini ukuta ni kitu kingine. Huko kwetu hapakuwa na fundi wa kukandika. Kukandika kulikuwa sehemu ya kukaa, kama kufagia. Mtu aliyehama vituo sita, akapangiwa kila mara chumba chenye alama za vichwa vya wengine, anahitaji apaguse mahali kwa mkono wake kabla hajaweza kulala vizuri. Tulisema hayo, lakini hatukuwa na hakika kwamba tumemshinda. Pengine mtu mwenye haki zaidi angegawa kazi nusu kwa nusu.

Alichofanya kijana ni kukunja mikono ya shati lake na kuchukua msasa. Alisema ni kwa sababu stuli ilikuwa ikiyumba na hakutaka kutuzika.

Hata hivyo haifai kuificha sehemu iliyofuata, maana wanafunzi wakisomeshwa uzuri tu bila hasara watatuona waongo. Miezi mitatu baada ya kumaliza, mwenye nyumba alikuja. Alisimama katikati ya sebule, akazunguka, akasifu sana. Aliugusa ukanda mwekundu. Wiki iliyofuata akatuletea ujumbe kwamba kodi itapanda kuanzia muhula ujao, kwa sababu vyumba sasa ni vya kisasa. Kijana hakusema, "Si nilikuambia, mzee?" Alikaa tu nasi barazani, na kukaa kwake kulisema hivyo hivyo.

Wakati wa Azimio la Arusha la mwaka 1967 kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha, na sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sisi hatukusudii kuufungua mjadala huo hapa. Tunasema tu kwamba usiku ule tulilielewa sharti lile kwa mwili mzima. Jasho la mtu limeingia ukutani, na kilichoshikamana na ukuta ni cha mwenye ukuta. Kisha jasho lile lile linarudi kwake likiwa deni. Tuliamka usiku, tukawasha taa, tukachukua kile kisu cha kukwangulia. Tulikwangua mahali padogo, pana kama kiganja, nyuma ya mlango. Unga mwekundu ukamwagika sakafuni.

Tukaacha. Si kwa sababu ya wema. Hasira ilikuwepo bado. Tuliacha kwa sababu tuliona kwamba tukiuharibu ukuta tutakuwa tumekubali kwamba tangu mwanzo ulikuwa bidhaa. Mama yetu alipaka ukuta ambao mvua ya mwaka huo huo ilikuja kuuosha, naye hakuidai mvua kitu. Lakini mwenye nyumba si mvua. Ni binadamu, anaweza kusemeshwa. Basi asubuhi tulichukua karatasi, tukaorodhesha chokaa, saruji, msasa, brashi, na siku za kazi kwa kima cha kibarua wa mjini, tukampelekea. Tulibishana kwa heshima, chai ikaja, tukabishana tena. Mwishoni alikubali kwamba kodi isipande mwaka ule, na mwaka ufuatao ipande nusu ya alivyokusudia. Tuliandikishana nakala mbili. Vijana wanaotarajia kupanga wanajua sasa tulichopaswa kukifanya kabla ya kununua hata kilo moja ya chokaa: tulipaswa kuandikishana kwanza. Tulikuwa tumeandika barua za Serikali kwa miaka mingi, na yetu wenyewe hatukuiandika.

Je, kijana alikuwa na haki aliposema tunajitesa? Kwa upande mmoja alikuwa nayo. Mpangaji anayepamba bila mapatano humtajirisha mwingine, na wako watu ambao hali yao haiwaruhusu hata kufikiri hivyo. Hatuna ruhusa ya kuwahubiria. Pasipo sheria inayomlinda anayetengeneza, tusiwashangae wanaoacha nyufa zikue. Lakini alisema pia kwamba nyumba ni ya watu, na hapo ndipo tunapotofautiana naye mpaka leo, kwa upendo. Nyumba ilikuwa ya mwenye nyumba. Ukuta tulioamka tukautazama kwa miaka mitatu, tukiandika chini yake, tukiugua chini yake, hatujui kuuita jina gani, lakini kuuita "wa watu" kungekuwa kuuita uongo.

Tulihamishwa tena, safari hii kwenda Newala. Siku ya kufunga mizigo kijana alikisaidia kinyago kuingia sandukuni, akakizungushia kanga ili kisivunjike, na tukamwachia brashi. Baadaye tulisikia kwamba chumba chake cha uani kina ukanda wa bluu.

Mwaka uliofuata tuliteremka Masasi kwa shughuli za kazi, tukapita Mkomaindo kuwaamkia majirani. Katika vyumba vyetu vya zamani alikuwa amepanga muuguzi, mama wa watoto wawili. Alitukaribisha ndani. Ukuta wa juu alikwisha kuupaka upya kwa rangi ya dukani, na alikuwa ametundika picha za watoto wake mahali tulipoweka kinyago. Ukanda wa chini aliuacha kama ulivyokuwa, isipokuwa nyuma ya mlango, pale palipokwanguliwa pana kama kiganja, ambapo alijaribu kupaka mara mbili na rangi ikakataa kulingana. Akatuuliza kama tunajua ni rangi gani ile, maana madukani ameitafuta hakuipata. Tukamwelekeza kwa yule bibi ng'ambo ya njia, amwonyeshe udongo; auchekeche mara mbili, auloweke usiku kucha pamoja na chokaa, atie chumvi konzi moja. Akachukua kalamu akaandika mgongoni mwa mkono wake, kama waandikavyo wauguzi.